Barakoa ya Kupigia Picha

Yule anayecheka kwenye ripoti ya kampuni, ukurasa wa wafanyakazi, ni mimi. Meno yote nje, barakoa nimeishusha kidevuni ili sura ionekane, glavu nyeupe kama bwana harusi. Chini yangu wameandika: "Hapa tunatunzwa kama watoto wa nyumbani." Hawakunisingizia. Nilisema mwenyewe.

Kiwanda chetu cha Bukoba kinakoboa kahawa. Vumbi la maganda linaingia hadi kwenye chai. Mwenzangu tunayebeba naye magunia, mtu wa Muleba, lilishamkaa kifuani. Kila akiomba barakoa msimamizi anamwambia asubiri. Tuliposikia kuna wageni wanakuja kuandika habari za wafanyakazi, akanishika bega.

"Wewe ndiye mwenye mdomo. Uwaambie. Mimi nikianza kuongea nakohoa."

"Niachie mimi," nikasema. Shule niliishia kidato cha pili, mdomo ndio cheti changu.

Asubuhi yake tukagawiwa barakoa mpya na glavu. Wageni wakaingia, dada mmoja mpole na mpiga picha wake. Dada akanisalimia kwa heshima, mimi nikaona huyu sasa ni mgeni wangu. Nikatoa akamwani mfukoni, ile kahawa yetu ya kutafuna, nikampa. Akatafuna, akakunja uso, akacheka. Basi nikaisha. Kwetu mgeni akishatafuna kahawa yako, humtolei tena matatizo ya nyumbani.

"Kuna shida yoyote kazini?" akauliza.

Mwenzangu nyuma yangu akanipiga kiwiko. "Gamba!" akaninong'oneza kwa kilugha chetu. Sema!

"Shida yetu moja tu, dada. Tunanenepa!"

Wote wakacheka, msimamizi kuliko wote. Nilivyoona wanacheka nikaongeza na yale ya watoto wa nyumbani. Nyuma yangu mtu alikuwa anakohoa, nami nikapaza sauti ili kisisikike kikohozi. Hiyo ndiyo inaniuma hadi leo.

Wageni walipoondoka, barakoa na glavu zikarudi stoo.

Ripoti ilipotoka, mwenzangu akaenda kuomba tena. Msimamizi akafungua simu, akamwonyesha picha yangu. "Mbona huyu anayo? Na anacheka!"

Nikamfuata msimamizi, nikamwambia yale niliyosema yalikuwa utani, huyu jamaa anaumwa kweli. Akacheka. "Wewe bwana, huishiwi vituko!"

Wiki hiyo mwenzangu aliacha kazi, akarudi kwao Muleba. Nilimsindikiza stendi nimembebea begi, sina hata kichekesho kimoja. Kabla hajapanda gari akaomba nimtumie ile picha kwenye simu.

"Ya nini tena, ndugu yangu?"

Akakohoa kwanza, akajifuta mdomo.

"Daktari akitaka kupiga picha kifua changu, nimwonyeshe hiyo. Nimwambie kampuni ilishakipiga picha, na kiko kizima kinacheka."