Ernestine Kavira na Mnyama wa Pili

Saa moja kasoro asubuhi, jua la Novemba bado halijachomoza juu ya mapaa ya Fridley, mji mdogo wa jimbo la Minnesota, Marekani, na Ernestine Kavira amepiga magoti kwenye nyasi kavu kando ya barabara. Mbele yake amelala mnyama wa rangi ya kijivu, macho wazi, baridi imeshamkausha. Magari yanapita kwa kasi nyuma ya mgongo wake. Hageuki.

Anaanza na mkia. Anauinua, anaangalia upande wa chini, mweupe pe, kisha anaulaza taratibu. Anapima sikio kwa kiganja. Anapapasa mguu wa nyuma kwa nje, sehemu ya chini, mpaka anapata shungi dogo la manyoya meupe lisilozidi kidole gumba. Mwisho anafungua mdomo wa mnyama na kumulika magego kwa tochi.

"Kulungu mkia-mweupe," anasema. "Jike. Mwaka mmoja na nusu. Bado ana jino la utoto."

Mwenzake, Stacy, mwanamke wa miaka sitini na mbili mzaliwa wa hapa, anaandika kwenye fomu akiwa ameegemea gari lao la mizigo. Wawili hao wameajiriwa na kampuni ndogo inayookota wanyama waliogongwa kwenye barabara za kaskazini mwa Minneapolis.

"Mimi namtambua kutoka ndani ya gari," Stacy anamwambia mwandishi. "Karibu wote huku ni aina moja. Lakini Ernestine lazima ashuke, lazima ashike mkia. Kila mmoja. Zamani nilikuwa namharakisha. Siku hizi naacha injini inaunguruma, namsubiri."

Tangu Januari wameokota mizoga 386 ya kulungu. Ni mmoja tu aliyekuwa tofauti. Huyo alipatikana Aprili, ana masikio makubwa kama ya punda na mkia mwembamba wenye ncha nyeusi. Stacy alikuwa ameshaandika mkia-mweupe kama kawaida. Ernestine akakataa kuweka sahihi. Picha zikapelekwa kwa wataalamu wa wanyamapori, wakajibu kwamba Ernestine alikuwa sahihi: mnyama huyo alikuwa kulungu wa majimbo ya magharibi mwa Marekani, aliyetangatanga mbali sana na kwao.

Ernestine ana miaka arobaini na tisa. Alizaliwa karibu na Butembo, mashariki mwa Kongo, akauza maharage sokoni mpaka vita vilipomfukuza. Alikaa kambini Uganda miaka tisa. Mumewe, Sosthène, alifia huko kwa homa ya ini. Mwaka 2014, mwezi wa Februari, yeye na binti yao wa pekee, Joyeuse, walishuka uwanja wa ndege wa huku wakiwa wamevaa kandambili.

"Joyeuse alikuwa na miaka kumi na miwili," anasema. "Alijifunza Kiingereza kwa miezi minane. Mimi nilikuwa nyuma yake tu. Daktari, benki, shule, yeye ndiye alikuwa mdomo wangu."

Alipofika miaka kumi na tisa, Joyeuse alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wagonjwa Saint Paul. Alinunua gari lililokwishatumika, jekundu, mlango mmoja haufunguki. Tarehe tisa Novemba 2021 alitoka kazini saa kumi jioni, akampigia mama yake simu.

"Aliniambia, Maman, usipike, naleta kuku. Ni hivyo tu."

Saa moja usiku polisi wawili waligonga mlango. Gari lilikuwa limeacha barabara saa kumi na moja, likimkwepa mnyama, na kugonga mti. Joyeuse alikufa kabla ya kufikishwa hospitali.

Kwao Kongo, mnyama yeyote wa porini huitwa nyama, na Ernestine bado anaongea hivyo.

"Polisi alisema neno moja mara tatu: deer, deer, deer. Mkalimani wa simu akasema swala. Pastor akasema ayala. Jirani yangu Alice, Mkenya, akasema paa. Mi nikauliza, ni nyama gani basi? Kila mtu alinipa nyama yake. Mtoto wangu amekufa, na mimi sijui hata jina la kitu kilichomuua."

Swali hilo halikumwacha. Wakati huo alikuwa akifunga maboksi kiwandani Fridley. Kila Jumamosi alipanda basi kwenda kwenye kituo cha mazingira, pembeni ya bwawa, ambako kuna ngozi na mafuvu ya wanyama yaliyopangwa mezani kwa ajili ya watoto wa shule. Alisimama miongoni mwa watoto hao, akashika pembe, akauliza maswali kwa Kiingereza chake kidogo. Alijifunza kwamba jimbo lina mkia-mweupe kila mahali, na kwamba kaskazini kuna kulungu mwingine mkubwa kuliko ng'ombe, mwenye pembe pana kama makoleo.

Siku moja, kulungu wa mwituni wakaja wenyewe. Majike watano walitoka kwenye miti, wakasimama kwenye theluji, wakamtazama.

"Nilikuwa nimejiandaa kuwachukia. Nikaona wazuri. Hapo ndipo nililia kweli, kuliko hata siku ya kuzika."

Mwaka 2023 aliacha kiwanda akachukua kazi ya mizoga, ingawa mshahara ulipungua dola mbili kwa saa. Kanisani baadhi walisema huzuni imemharibu akili. Anasema mikono yake ilikuwa inatafuta kitu, na huko barabarani ilikipata.

Katika karatasi ya polisi kulikuwa na jina la shahidi: Ken, mwalimu mstaafu wa Bloomington, aliyekuwa akiendesha gari nyuma ya Joyeuse. Ernestine alikaa na namba yake ya simu miaka miwili kabla ya kupiga. Walikutana kwenye mgahawa, Stacy akaketi kati yao ili kumrudia maneno polepole Kiingereza kilipomshinda.

"Wa kwanza alivuka," Ken alimwambia. "Binti yako alifunga breki vizuri kabisa. Nikadhani yamekwisha. Akaanza kuondoka, na wa pili akatokea."

"Mkubwa au mdogo?" Ernestine aliuliza.

"Mdogo. Alisimama katikati ya barabara akashangaa. Binti yako akakata usukani."

"Na mkia?"

Ken alifikiri. "Aliuinua alipokimbia. Ulikuwa mweupe."

Ernestine akamweleza anachokijua sasa: kwamba huyo wa kwanza alikuwa mama, na wa pili ni mtoto wake wa mwaka huo, na kwamba mtoto humfuata mama bila kuangalia magari. Ken akafunika uso. Alisema kwa miaka miwili amekuwa akijiuliza kwa nini hakupiga honi.

"Nilimshika mkono," Ernestine anakumbuka. "Honi isingesaidia, nikamwambia hivyo. Joyeuse alikuwa hawezi kuua hata panya. Kambini panya walikula unga wetu, yeye akawa anawafukuza kwa ufagio, anawaambia nendeni, nendeni. Angemgonga mtoto wa nyama namna gani?"

Kila Oktoba sasa, kabla ya msimu ambao madume hukimbiza majike hadi barabarani, Ernestine hufundisha wageni wapya katika ukumbi wa kanisa lao. Hufundisha kwa Kiswahili, akiwa na mkia mmoja uliokaushwa na picha alizochora mwenyewe. Akipita mmoja, anawaambia, subirini wa pili. Fungeni breki, msikate usukani.

Mwaka huu msichana mmoja, Uwimana, aliyekuwa amepata leseni wiki iliyotangulia, aliinua mkono.

"Mama Joyeuse, hata akiwa mtoto?"

Watu wote ukumbini walijua Joyeuse alivyokufa.

"Hata akiwa mtoto," Ernestine alijibu. "Kaa kwenye mstari wako, umgonge. Gari litavunjika. Wewe utarudi kwa mama yako."

Kisha aliomba radhi, akatoka kwenda kwenye korido, akanywa maji. Dakika kumi baadaye alirudi na kuendelea na somo.

Juni ijayo Stacy anastaafu. Mwajiri ameahidi kumpa Ernestine nafasi yake, kwa sharti moja tu: lazima aweze kuendesha gari. Hajawahi. Joyeuse ndiye aliyekuwa amemwahidi kumfundisha, wangeanza theluji ikiyeyuka.

Sasa anafundishwa na Stacy, siku za Jumapili baada ya ibada, kwenye uwanja mtupu wa kuegesha magari. Mara tatu za kwanza alishika usukani akashindwa kuwasha gari. Mara ya nne aliwasha, akalizungusha uwanja mzima. Mtihani ni Aprili.

"Nikipata permis, hiyo leseni, nitaichukua ile barabara ya kutoka Saint Paul, saa kumi na moja jioni, mi peke yangu," anasema. "Nitaenda polepole. Wapige honi nyuma yangu kama wanataka. Nataka kufika nyumbani kwa njia ile."