Majina Yanayosomwa kwa Kidole

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Voi. Mbele yangu fundi mmoja aliagiza saruji na mkebe mkubwa wa rangi nyeupe.

"Ni za lile jiwe la kumbukumbu ya wapagazi wa vita," alimwambia muuzaji. "Wageni wanakuja Ijumaa. Maandishi yameisha, kwa hivyo tunalipiga plasta liwe safi."

Mama mmoja wa kijiji cha Wusi, kule milimani Taita, aliyekuwa nyuma yangu, alinipita akaweka kiganja juu ya mkebe.

"Fundi, babu ya babangu alichukuliwa na Wazungu kubeba mizigo ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wenzake waliobaki nyumbani walipokufa, mafuvu yao yaliwekwa kwenye pango la ukoo, kama ilivyokuwa desturi ya zamani. Yeye alifia huko, na fuvu lake halikurudi. Kwetu sisi, pango lake ni hilo jiwe."

"Pole, mama. Lakini majina si yamefutika?"

"Kwa macho yamefutika. Pitisha kidole, utayapata."

Fundi alikitazama kidole chake. "Mimi nimetumwa tu."

Sisi huku tukisikia mgeni anakuja, tunapaka rangi kila kisichotembea. Hapo ndipo ninapoogopa. Anayekuja na nyundo kuvunja jiwe tungemfukuza. Anayekuja na brashi tunamnunulia soda.

Mama hakuondoa kiganja. Mwishowe muuzaji akauliza, "Sasa rangi niitoe ama niirudishe?"

Mimi, ambaye kila wiki sikosi la kusema katika safu hii, nililipia vitu vyangu nikatoka kabla ya jibu. Na Ijumaa ni kesho.