Banda Asisahauliwe

Wasomaji wangu, fundi wa pikipiki aliyetutengenezea vyombo karibu na stendi ya Tukuyu ametutoka. Tulimzika kwao Kisondela wiki iliyopita, katika mvua ambayo hakuna mwenyeji aliyejisumbua kuitaja. Aliacha karatasi yenye sentensi moja: "Siku ya kunizika, Banda asisahauliwe." Wanawe wakasoma, wakatikisa vichwa. Mzee na Kiswahili chake cha nyumbani, wakasema, alitaka kuandika "lisisahauliwe". Basi wakaenda kwenye banda lake la kazi, wakaliezeka mabati mapya, wakalipaka rangi ya buluu, na mkubwa wao akafunga shada la maua mlangoni. Msibani watu walilisifu banda kuliko marehemu.

Mimi niliona aibu, maana nilimjua huyo Banda. Marehemu alifundishwa kazi na Singasinga mmoja mwenye karakana Mbeya, na pamoja na injini akafundishwa vita. Miaka mia tatu na zaidi iliyopita, huko Punjab, India, Masingasinga waliokuwa wakionewa na utawala wa Wamughali walipata jemadari aitwaye Banda. Akakusanya wakulima, wengine na majembe tu, akamshinda gavana, akauteka mji wake, na mashamba ya mabwana akawapa waliokuwa wakiyalima. Fundi alivisimulia vita hivyo juu ya meza yake ya kazi. Spana namba kumi na tatu ndiye Banda. Ngome ya gavana, mara nyingi, ilikuwa kabureta yangu. Nimewahi kusubiri mchana kutwa ngome itekwe ndipo niende Kinyala.

Siku moja, mbele ya wateja, nikamwambia kwa ujuaji wangu wa gazetini kwamba Banda ni jina la Malawi, hapo ng'ambo ya Songwe tu, na kwamba bosi wake alimdanganya. Watu wakacheka, na tangu siku hiyo wakamwita Mmalawi. Yeye alifuta mikono polepole, akasema, "Mwandishi, kusoma umesoma, lakini kusikilisa bado." Baadaye nikafungua kitabu cha historia. Yote aliyosema yalikuwamo, na hata mwisho ambao hakupenda kuusimulia: jemadari kuzingirwa miezi mingi, watu wake wakila majani, mpaka akakamatwa na kuuawa Delhi. Nilikusudia kumwomba radhi. Nikaahirisha, kwa kuwa pikipiki ilikuwa haijaharibika.

Basi pale kaburini nikaomba kusema. Nikawaeleza kwamba sarufi ya mzee ilikuwa sahihi, kwamba Banda ni mtu, na aliyekosea ni mimi. Nikasimulia habari za jemadari tangu mwanzo hadi Delhi, mwavuli ukinivujia. Nilipomaliza, bibi mmoja akasema, "Ndaga fijo," yaani asante sana, na mwana mkubwa akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo, mzee, banda tumelipaka rangi bure?"

Halikupakwa bure. Sasa wameandika mlangoni maneno ya baba yao kama alivyoyaacha. Najua hakuna mwalimu wa Tukuyu atakayepita hapo bila kuwashwa mkono. Nawaomba waache. Sisi tulioenda shule tuna haraka ya kumsahihisha mtu ambaye hatujamsikiliza, na uvivu wa kumwomba radhi angali hai. Jambo hili linaniuma kweli. Anayetaka kusahihisha maneno yale aingie kwanza, akae kwenye benchi, aulize Banda ni nani. Spana namba kumi na tatu bado ipo mezani.