Mapengo ya Zadock

Zadock akicheka hufunika mdomo kwa mkono. Tangu tuanze kugawana kibanda hapa Ngara, yeye na cherehani yake dirishani, mimi na vifungo na zipu zangu mlangoni, sikuwahi kukiona kicheko chake chote. Nilidhani ni maringo. Nilikuwa nikimtania mbele ya wateja kwamba anaogopa nzi, naye akijitetea kwamba alizaliwa hivyo, bila chonge, yale meno ya pembeni yenye ncha. Kwake hazikuota juu wala chini, na mahali pazo pana mapengo.

Ni fundi mzuri, hilo sitalificha. Mletee koti lililoliwa na panya, utalivaa kanisani Jumapili. Lakini mwulize achague kati ya chai na uji, mtakaa hapo hadi vyote vipoe. Akiulizwa jambo huwaza, halafu huuliza watu, halafu huwaza tena kuhusu majibu ya watu. Mimi Annah sina subira hiyo, na nimemwambia mara nyingi kwamba siku moja kichwa chake kitashika moto.

Mke wake, Kamene, ametoka upande wetu wa Ukambani, na mimi humhesabu kama mdogo wangu. Anapika kwenye nyumba moja kubwa kule Karen na hulala huko huko, anarudi Jumamosi. Kwa hiyo walipopata mtoto, Quincy, na likizo ya Kamene ikaisha, mama yake Zadock alipanda basi kutoka Ugenya akaja kumlea. Mama huyo anaitwa Peres, lakini sote tunamwita Dani, yaani nyanya, kama Quincy atakavyomwita akianza kuongea. Ni mama mpole, mwenye sauti ndogo, na hapendi kubishana. Ndiyo maana ni vigumu kumshinda.

Asubuhi moja Zadock alikuja kazini akashona mkono wa kulia wa sweta ya shule upande wa kushoto. Nikajua kuna jambo.

"Mtoto anahara," alisema. "Tangu juzi. Na ako na homa. Mama anasema ni meno ya plastiki."

Nilikuwa nimeyasikia hayo meno. Hata kwetu kuna watu wanaoyaamini. Wanasema mtoto mchanga akihara na kuchemka, ukitazama ufizi wake utaona vivimbe vyeupe pale pembeni, na hivyo ni meno mabaya, laini kama plastiki, yenye minyoo ndani. Yasipong'olewa mtoto anakufa. Kuna wanawake wanaoijua kazi hiyo. Wanafanya kwa ncha ya spoku ya baiskeli.

"Na wewe unasemaje?" nilimwuliza.

"Mimi sijui, Annah. Kamene kwa simu anasema hapana. Mama anasema leo. Ashapata mama fulani Kawangware wa kuyatoa."

Akafanya kosa lake la kila siku: akauliza watu. Mteja wa kwanza alisema asugue ufizi kwa chumvi. Wa pili alisema chumvi ni ya kuua mtoto, atumie asali. Muchiri wa kibanda cha viatu alisema watoto wake wote walihara wakiota meno na hakuna aliyekufa, aache mtoto apumue. Mama mmoja aliyekuja kupunguza sketi akasema alipeleka wake Kawangware, akapona siku ile ile. Mwingine akasema jirani yake pia alipeleka, na mtoto hakupona. Kila mmoja aliongea kwa uhakika, na kila akiondoka Zadock alikuwa amepotea zaidi. Na mimi, niliyekuwa na hasira ya kutosha watu wote hao, nilianza kuona hata sijui ninamkasirikia nani.

Kabla ya saa sita Dani alitokea mlangoni, Quincy mgongoni. Alikuwa amejitayarisha kabisa, na leso safi mkononi. Mtoto hakuwa analia. Hilo lilinitisha kuliko kilio.

"Wuoda, twende," alimwambia mwanawe. Ndivyo Wajaluo wanavyosema mwanangu.

"Dani, mtoto apelekwe hospitali," nilisema kabla Zadock hajafungua mdomo.

Alinitazama bila ubaya, akaniita binti wa Wakamba kwa Kijaluo. "Nyar Kamba, mimi nilienda hospitali. Na Jackton."

Jackton alikuwa mtoto wake wa kwanza. Zadock alijua jina tu, hakujua zaidi. Dani alituhadithia pale pale, amesimama katikati ya vitambaa. Jackton alihara, akachemka. Watu wakamwambia ni meno, yeye akakataa kijana wake asikatwe, akatembea naye mpaka zahanati, akakuta imefungwa. Akarudi naye nyumbani. Hakufika asubuhi. Halafu akazaliwa mwingine, akahara vile vile.

"Huyo sikungoja," alisema. "Nikapeleka kwa mwenye kutoa. Akatolewa, akapona. Ndio huyu."

Wewe ungemjibu nini? Mmoja hakutolewa, akafa. Mwingine alitolewa, na huyo hapo ana mke, ana mtoto, ana cherehani. Mimi nilikuwa na maneno niliyosikia redioni tu. Tulimtazama Zadock, naye alikuwa amepeleka ulimi kwenye pengo lake, anautembeza huko ndani kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka chini ya kitanda.

Mwishowe akasema neno ambalo nitamcheka nalo hadi uzeeni: "Basi, kitu yenyewe si ni meno? Twende kwa daktari ya meno."

Mtoto anahara, na sisi tunampeleka kwa daktari wa meno! Lakini Dani alitikisa kichwa kukubali, kwa sababu ilikuwa bado ni habari ya meno. Nami nikakubali, kwa sababu angalau ni daktari. Kila mmoja alipata alichotaka na hakuna aliyeelewa tunakokwenda. Nilifunga kibanda, tukaita gari kwa simu, tukaenda Kilimani kwenye kliniki ya meno ambayo Kamene alisikia tajiri wake akisema ni nzuri kwa watoto.

Ukutani walikuwa wamechora samaki wanaopiga mswaki. Dani aliwatazama sana. Msichana wa mapokezi akauliza mtoto ana shida na jino lipi.

"Hana meno," Zadock alisema.

"Sasa daktari aangalie nini?"

"Yale hana."

Msichana alinigeukia mimi, nami nikageukia samaki. Bahati yetu daktari mwenyewe alipita. Alikuwa binti mdogo, Dakta Stacy, na alipomwona Quincy hakuuliza habari ya meno hata kidogo. Alimgusa utosi, ukawa umebonyea. Akaifinya ngozi ya tumbo kidogo, ikabaki imesimama.

"Amekunywa maji lini?"

"Anayehara hapewi maji," Dani alisema kwa upole, kama anayemfundisha binti yake kupika. "Yanaongeza kuhara. Hata maziwa amekataa."

Dakta Stacy alimchukua mtoto mikononi mwa Dani na kushuka naye ngazi akikimbia, viatu vyake vikigonga, hadi kwa daktari wa watoto aliye ghorofa ya chini. Sisi tulimfuata. Wakachanganya ile dawa ya unga kwenye maji, wakaanza kumpa kwa kijiko, kidogo kidogo. Mara ya kwanza aliitema. Baadaye akawa anakifuata kijiko kwa mdomo.

Alipofungua macho vizuri ndipo Dakta Stacy akatuonyesha ufizi wake. Vile vivimbe vyeupe, alisema, ni chonge zake zenyewe, za utotoni, zinajipanga mle ndani kusubiri zamu. Si mbaya, hazina mdudu. Meno hayamharishi mtoto hivi. Kinachomharisha ni uchafu anaouokota sakafuni na kuutia mdomoni kwa sababu ufizi unamwasha, na kinachoua ni kukaukiwa maji. Anayezichimba anaweza kumletea mtoto sumu ya damu, na akipona huenda hata chonge za ukubwani zisiote, au ziote vibaya.

Zadock alikuwa amesikiliza mdomo wazi. Kwa mara ya kwanza alikuwa amesahau kuufunika.

Daktari alimtazama. "Na wewe, nani alikutoa zako?"

"Mimi nilizaliwa hivi," Zadock alisema. Halafu yale ya mama yake kibandani yakaanza kumfikia, pole pole. Alikuwa ameyasikia yote asubuhi ile bila kuyaunganisha na mapengo yake. Nami sikuwa nimeyaunganisha. Akamgeukia Dani. "Ama?"

"Nilikutoa," Dani alisema. "Ndiyo maana uko."

Njiani kurudi Zadock alikaa mbele. Tulipokaribia Ngara akageuka kidogo, akaninong'oneza: "Annah, huyu mama nimshukuru ama nimkasirikie?"

Mimi, ambaye huwa na jibu la kila kitu, nilimwambia sijui. Na sikujua kweli. Nilikuwa nimempanga Dani upande wa wabaya tangu asubuhi, sasa sikuona tena upande wenyewe uko wapi.

Quincy alipona. Jumapili, baada ya kanisa, nilipita kwao kumwona. Kamene alikuwa amekuja kutoka Karen na alikuwa anachemsha maji kwenye sufuria kubwa, mkali kama askari, hataki mtu amguse mtoto bila kunawa. Zadock alikuwa ameshika kitambaa laini, anampangusa mtoto ufizi kama alivyoagizwa kliniki, kwa uangalifu ule anaotumia kwenye hariri. Alipomaliza Dani akampakata mjukuu, akaanza kumpa maji yaliyopoa kwa kijiko.

Ghafla kijiko kikagonga kitu. Mlio mdogo, tik. Dani akakirudisha, kikagonga tena.

"Jino!" Kamene akapiga kelele, akasahau sufuria. Tukainama wote. Chini mbele, jeupe kama punje ya mchele. Zadock akacheka, mkono ukaanza kupanda mdomoni, halafu akaushusha. Alicheka na mapengo yake yote nje, na mimi nikacheka.

Dani peke yake hakucheka. Alikuwa amekishika kijiko hewani, na Quincy anakinyooshea shingo.

"Jackton hakuwa analia," alisema. "Alikuwa anaangalia kikombe. Nikinywa, anafuata kikombe kwa macho. Nikakificha, asitamani."

Zadock akapiga magoti mbele ya mama yake, akamshika mkono uliokuwa na kijiko, kwa sababu maji yalikuwa yanamwagika.

"Hukujua, Mama," alisema. "Mpe huyu."

Wakashika kijiko pamoja, wakakipeleka.

"Kunywa, baba," Dani alimwambia mtoto. "Kunywa. Hakuna mtu anakataza."