Amplifaya ya Mama Pindo

Mama Pindo alikwenda dukani kununua amplifaya, lakini zaidi alikwenda kulinda siri. Miezi minane sasa macho yake yalikuwa yakififia, na uzi aliutia sindanoni kwa kubahatisha tu. Bintiye, nesi asiye na mzaha, angejua, cherehani ingefungiwa chumbani siku hiyohiyo. Na bila cherehani yeye angekuwa nani? Hata jina lake alipewa na wateja kwa ajili ya mapindo yake yaliyonyooka.

Amplifaya ya zamani ilikuwa imeungua wiki iliyopita. Spika mbili alizoachiwa na marehemu mumewe zilikuwa bado nzima, juu ya kabati la vitambaa, na yeye kushona kimya kimya hajui. Pesa alizodunduliza zilitosha amplifaya moja ya bei ya chini, basi.

Muuzaji akaweka mbili kauntani. Moja uso wake ulikuwa kioo kitupu, ukigusa namba zinawaka. Nyingine ilikuwa na vitufe vya kuzungusha, kila kimoja kinalia tak! chini ya kidole.

"Hii ya kioo ndiyo habari ya mjini, mama. Na bei ni ileile."

"Nipe hiyo ya kuzungusha."

"Mama, hiyo ya kizamani," akasema bintiye, aliyekuwa amemsindikiza. "Kwa nini hiyo?"

"Kwa sababu nimeipenda. Au siku hizi kupenda kunahitaji cheti cha daktari?"

Muuzaji akacheka. Binti hakucheka, na Mama Pindo akajuta kumtaja daktari.

"Spika zako ni za omu ngapi?" muuzaji akauliza. "Ni kipimo cha umeme, namba imeandikwa nyuma yake. Hii ya kuzungusha inataka nane. Ukiifungia za sita itachemka mpaka iungue."

"Nane," akajibu upesi. "Nimesoma mwenyewe jana."

Na kweli alisoma, tochi mkononi, pua nusura iguse spika.

Binti akatoa simu. "Nilizipiga picha asubuhi, nikijua watauliza." Akaikuza picha, akamsogezea mama yake. "Ni sita, Mama."

Mama Pindo akaikodolea macho picha. Aliona ukungu mweupe wenye doa jeusi, basi.

"Ni vumbi," akasema. "Spika zina vumbi nyuma."

"Nilifuta."

Muuzaji akajitia kupanga nyaya ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Mama Pindo akashika ukingo wa kaunta, akingoja kuambiwa mbele za watu kwamba kazi yake imekwisha.

Binti akamgeukia muuzaji. "Huna nyingine ya kuzungusha, inayokubali sita?"

"Ipo moja iliyotumika. Ina mikwaruzo, lakini inapiga vizuri."

"Ilete tuijaribu."

Ikaletwa, ikawashwa. Mama Pindo akavipapasa vitufe, sauti, besi, stesheni za redio, na kabla wimbo mmoja haujaisha alikuwa ameshavijua vyote. Akalipa. Hakuelewa ameponea wapi.

Binti akachuchumaa kufunga boksi kwa kamba. Kwa mazoea, Mama Pindo akainama amnyooshee pindo la gauni la kazi, lile alilomshonea mwezi uliopita. Vidole vikasita. Mishono ilikuwa ya mkono, mmoja mrefu, mmoja mfupi, mafundo kila mahali. Haikuwa yake. Mtu asiyejua kushona alikuwa ameufumua mshono wake na kuurudia.

"Umelifumua," akanong'ona.

"Lilikuwa limepinda, Mama."

"Na nguo za wateja?"

Binti akakaza kamba kwanza. "Hizo nampelekea fundi wa mtaa wa pili. Anazirudia ukiwa umekwenda sokoni."

Mama Pindo akakaa juu ya boksi, akalia palepale, bila kujali nani anatazama. Miezi yote ile alidhani anamficha binti, kumbe binti ndiye aliyekuwa akimsitiri yeye.

"Kesho hospitali ya macho," binti akasema.

"Na cherehani?"

"Iko palepale ulipoiacha. Inuka, umekalia amplifaya."