Mahari Niliyoanza Kujilipia

Kuna siku moja huikumbuka kila nisikiapo msichana wetu kaposwa na mwanajeshi. Sasa umeposwa wewe, mwana wa dada yangu, na mwanajeshi vilevile, kwa hiyo kaa nikuambie.

Nilipoolewa na Omari hapa Eagan, ughaibuni, sikutaka dhahabu. Mahari niliyotaja ni kusomeshwa uuguzi, naye akakubali mbio mbio, maana alikuwa jeshini na serikali ilimpa haki ya kulipiwa masomo ambayo angeweza kumpa mkewe. Sharti lilikuwa aongeze miaka minne ya utumishi. Akatia saini. Mimi sikuuliza lolote, nilikuwa nimeshaanza kuchagua mkoba wa shule.

Nimemaliza masomo, miaka minne haijatimia, Omari akapata kazi ya ofisini Eden Prairie, mshahara mnono, akaacha jeshi. Haukupita muda serikali ikadai ada irudishwe, na sheria ilitushika sote wawili, yeye aliyesaini na mimi niliyesoma.

"Si ni wewe ulisoma, babe?" akaniambia. "Utalipa pole pole na hiyo salary yako."

Nami, kwa kutaka kuitwa mke mwema, nikaanza kulipa. Nilichukua zamu za wikendi, na kila nilipovaa viatu vya kazi nilimkasirikia kimya kimya.

Ami Athmani, ndugu wa baba yangu, ndiye aliyeniozesha. Siku moja alikuja kula chakula cha mchana, akaniuliza mbona nimekonda. Nikamweleza. Akaweka kijiko chini, akamgeukia Omari.

"Mahari ni deni la nani?"

"Langu, Ami. But serikali inasema..."

"Serikali sikuiozesha mimi. Nilikuozesha wewe. Umeona wapi bibi harusi akajilipia mahari?" Kisha akanigeukia mimi, kwa ukali ule ule. "Na wewe, wamfichia aibu ya nini? Huko ni kumdekeza."

Nilichukia. Niliona ananifedhehesha mbele ya mume wangu, lakini alisema kweli. Tangu wiki ile Omari akawa anaendesha teksi jioni, Roseville hadi uwanja wa ndege, akalipa yeye. Ilichukua miaka. Siku deni lilipokwisha aliingia jikoni na kofia ya baridi bado kichwani, akasema, "Mahari yako imetimia, mke wangu. Nisamehe." Tulikuwa na watoto wawili tayari, na nililia kama bibi harusi.

Sasa kuna wabunge wanaotaka sheria ibadilishwe, deni limwangukie aliyesaini peke yake, mke na watoto waachwe. Naunga mkono, na nimepiga simu ofisini kwa mbunge wetu kusema hivyo. Lakini mswada bado si sheria, na harusi yako ni mwezi ujao.

Kwa hiyo muulize mchumba wako ameahidi nini ili wewe usome, na akiacha njiani nani atalipa. Muulize mbele ya baba yako, jibu lisikiwe na wote. Akikasirika kwa kuulizwa, afadhali akasirike kabla ya nikahi.

Mungu akupe mume wa kutimiza neno lake, mwanangu, na elimu usiyodaiwa na mtu. Amin.