Tundu Kwenye Ukuta wa Mwenye Eda

Haya ya siku ile huwa siyasemi, na kama mmeshayasikia basi mmeyasikia kwa karani wa afisi ile, aliyeyatembeza mji mzima. Lakini yeye alikuwa akichekesha watu, mimi nasema yalivyokuwa, na aibu ni yangu.

Miaka ile ya hamsini matajiri wa Mji Mkongwe walikuwa wakitia simu afisini mwao, na kazi yangu ilikuwa kutoboa kuta na kupitisha paipu za chuma za kupitishia waya. (Waya wenyewe walikuja kutia wengine, waliosoma. Mimi nilikomea darasa la nne, nikapewa tindo na nyundo.) Kuta zile ni za mawe na chokaa, nene kama urefu wa mkono, na ukitoboa moja tu, jioni huyajui mabega yako yako wapi.

Siku hiyo ilikuwa arubaini ya mke wangu, Asha. Hitima ilikuwa isomwe kwetu Ng'ambo baada ya alasiri, nami nilitaka niwepo toka mwanzo, nikae mlangoni nipokee watu, maana siku ya maziko nilikuwa kama sipo. Nilipomwomba ruhusa msimamizi akaniambia, "Limebaki tundu moja. Litoboe, wende zako."

Alama alishaitia kwa chaki, pembeni kabisa, mahali ambapo nje yake ni uchochoro. Nikagonga pale, ukuta ukajibu kama mwamba. Nikasogea hatua mbili kushoto, nikagonga, pakalia wazi. Sasa, mtu yeyote wa nyumba za mawe anajua kuwa panapolia wazi huenda upande wa pili, kwa jirani, pana kidaka kilichochimbwa ukutani, na kwenye kidaka pana vyombo vya watu. Mimi nimekulia nyumba ya udongo, lakini sijitetei, nilijua. Nilikuwa nimechoka, si uchovu wa siku hiyo tu, nikajiambia huo ni mlango wa zamani uliozibwa, nikaanza kutoboa hapo hapo. Kushuka ngazi nikatazame nje ingekuwa kazi ya dakika mbili. Sikushuka.

Haikuchukua muda tindo ikazama yote, na upande wa pili nikasikia kitu kikianguka na kuvunjika. Hapo ndipo nilipofanya lile ambalo watu huniuliza mpaka leo: niliinama nikachungulia. Sikuona chumba. Niliona jicho, limezungukwa na makunyanzi, linanitazama.

"Shikamoo," nikasema, kwa kuwa lilikuwa jicho la mtu mzima.

"Marahaba," likajibu kwa mazoea, kisha sauti ikapanda. "Nani wewe?"

"Fundi wa simu, bibi."

"Simu ya nani? Humu mna mtu anakaa eda, wewe unatuchungulia?"

Nikababaika. Paipu ilikuwa mkononi, nikaisukuma ndani ya tundu ili niuzibe uwazi, na nikazidi kuharibu, maana ilitokeza chumbani kwao, na maneno yote ya wanawake wa nyumba ile yakawa yanakuja kwa paipu mpaka katikati ya afisi, safi kabisa, na mengine siwezi kuyaandika. Makarani wakaacha kalamu. Karani yule akasogea, akatega sikio, akasema, "Mzee, simu yako inasema kabla haijatiwa waya. Jibu basi, unaitwa."

Nikashuka, nikazunguka kwenda kuomba radhi, mweupe kwa chokaa toka kichwani mpaka miguuni. Barazani walishajaa wanaume, na shemeji yake mwenye eda kasimama mlangoni.

"Wewe ndiye uliyechungulia?"

Ningeweza kusema sikuchungulia. Mmoja alinikonyeza niseme hivyo.

"Naam. Nimechungulia. Nimeona jicho la bibi, sikuona jengine."

Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Nikamweleza shemeji yote, alama ya chaki, haraka yangu na sababu ya haraka yangu. Akaingia ndani, na kutoka ndani nikaisikia sauti ya yule bibi: "Leo arubaini ya mkewe, na yeye yuko huku anatoboa watu?" Shemeji aliporudi alisema taratibu, "Mwenyewe kakusamehe, na sahani kaisamehe. Ila tundu ulizibe sasa hivi. Mwenye eda halali chumba chenye tundu."

Nikarudi juu, nikachanganya chokaa. Adhana ya alasiri ilinikuta nimepiga magoti mbele ya ukuta, najua mabusati yanatandikwa kwetu na watu wanauliza nilipo. Nilikuwa nachomoa paipu sauti ya bibi ikaja tena, ya chini safari hii.

"Fundi. Mkeo akiitwa nani?"

"Asha binti Makame."

Nikasikia wanaambizana jina, kisha wakaanza Yasini, wanawake watatu au wanne, na mmoja wao, sauti changa iliyokuwa haijasikika mchana kutwa, nadhani ndiye mwenye eda mwenyewe. Nikaiacha paipu ilipo, nikaweka sikio. Karani alifungua mdomo aseme neno, akaniona uso, akarudi mezani kwake. Siku arubaini nilikuwa sijalia. Nililia pale, chokaa ikanigandia mashavuni, na walipoitikia amin ndipo nikaichomoa paipu na kuziba.

Nilipofika kwetu masufuria yalikuwa yanasuguliwa. Dada yake Asha alinitazama nilivyo mweupe, akasema, "Hata leo?" Nikamwambia alisomewa na kule. Hakunielewa, wala sikumlaumu.

Nimetoboa kuta nyingi baada ya ule, lakini sijagusa ukuta tena kabla ya kushuka, nikazunguka mpaka mlango wa pili, nikapiga hodi, nikangoja niitikiwe. Mafundi wenzangu hunicheka kuwa nawapotezea wakati. Ni kweli, nawapotezea.